Unga Kwenye Taa ya Kushoto

Kwenye taa ya kushoto ya pikipiki ya Baba, pale kioo kinapokutana na ukingo wake wa chuma, kuna mstari mweupe mwembamba. Mwezi uliopita fundi mmoja wa hapa mjini Arua aliukwangua kwa ukucha, akaniambia hiyo ni kutu, bora nitupe taa zote mbili, siku hizi ziko za kisasa zisizokula betri. Nilimshukuru, nikaisukuma pikipiki hadi nyumbani huku nikicheka peke yangu njia nzima. Ile si kutu. Ni unga wa muhogo, na aliyeuweka ni mimi.

Mliokulia huku enzi zangu mnaikumbuka barabara ya Koboko kabla haijawekewa lami. Kiangazi ilikuwa vumbi jekundu hadi kwenye kope, masika ilikuwa utelezi, na jioni ng'ombe, mbuzi na baiskeli zisizo na taa vyote vilikuwa katikati ya njia. Baba aliipita kila Ijumaa. Akitoka msikitini anakula, anajipaka marashi, anavaa helmeti, anaenda kumwona mama yake Koboko. Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alikuwa amekataa katakata kuhamia kwetu. Baba alilala huko, akarudi Jumamosi adhuhuri na kopo la simsim iliyosagwa. Sikuwahi kuuliza kwa nini analala. Kwangu mimi Ijumaa ilikuwa tu siku ambayo mkeka wa Baba haukutandikwa.

Pikipiki yenyewe tuliiita Jamusi, yaani nyati. Haikuwa bodaboda hata kidogo. Ilikuwa ya safari ndefu, tangi pana, masanduku ya chuma pembeni, na mbele ya injini vyuma vizito vya kuikinga ikianguka. Mgeni mmoja aliyetokea upande wa Sudan, matope mpaka kwenye nyusi, aliichoka hapa Arua, akamwachia Baba na kupanda basi. Baba alikuwa fundi redio, na tangu siku hiyo redio za watu zilianza kuchelewa. Kitu kimoja tu kilikuwa na aibu kwenye Jamusi: taa yake kubwa. Ukubwa wote ule, na mwanga wake ulikuwa wa kubembelezwa.

Siku Baba alipoleta katoni kutoka mjini, niliisikia kabla sijaiona, kwa jinsi alivyopiga honi kuanzia kona. Aliifungua uani, kwenye mkeka, taratibu kwa makusudi ili nife kwa hamu. Akatoa taa mbili, kila moja duara kama sahani ya chai, vioo vyake vina mistari. Akatoa waya mbili ndefu, nyekundu na nyeusi. Fyuzi mbili. Balbu mbili kwenye vikaratasi vyake, akanikataza kuzigusa kwa vidole kwa sababu mafuta ya mkono yanaziua. Nilipiga kelele hadi Mama akatoka jikoni.

"Baba Amina, hiyo yote iko ya pikipiki?"

"Yote. Sasa Jamusi itapata macho."

Mama alizikagua zile taa, akasema ziko nzuri kuliko taa ya chumba chake, akarudi kwenye sufuria.

Kazi ilianza Jumatatu, na msidhani mimi Amina, wa miaka minane, nilikuwa mtoto wa kutumwa maji. Baba alikuwa na vidole vinene. Waya ulitakiwa kupita chini ya tangi, kutoka kwenye betri chini ya kiti hadi mbele, usionekane na usiguse injini. Mkono wake haukuingia. Wangu uliingia hadi kwenye kiwiko. Tulifunga ncha ya waya kwenye spoku ya baiskeli, nikaisukuma gizani chini ya tangi, nikipapasa, nikipotea, nikiungua kidogo, mpaka Baba upande wa pili akaishika na kupaza sauti, "Nimeona! Nimeona! Vuta pole pole!" Sijawahi kupata cheo kikubwa kama kile tangu hapo, na nimepata vyeo.

Jioni alichomelea viungo kwa waya wa risasi. Ule moshi wake mtamu mchungu, wenye harufu ya utomvu, mpaka leo nikiusikia penye duka la fundi yeyote nasimama. Kisha akanionyesha kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, akanieleza kwa Kiswahili chetu cha Kinubi, ambacho "na" yake ni ya kila mtu, mimi, wewe na yeye.

"Hii naitwa rilei. Ile swichi ya mkononi iko dogo, haiwezi kubeba umeme yote. Sasa swichi naita tu mkubwa. Hii ndiyo nabeba."

Nilikaa kwenye kiti cha Jamusi, miguu haifiki popote, nikabonyeza. Chini ya tangi kikaita: tak! Taa ya kulia, iliyokuwa imefungwa tayari, ikawaka mchana kweupe, kuku wakatawanyika. Nilibonyeza mara ishirini. Tak, tak, tak, mpaka Baba akasema nitamaliza betri kabla Jamusi haijafika hata sokoni.

Kulia tu, lakini. Upande wa kushoto, chuma cha kinga kilikuwa kimepinda tangu yule mgeni alipoanguka nayo, na kishikio cha taa hakikukaa. Baba alijaribu kukinyoosha kwa nyundo, akatukana kwa Kinubi, akaacha. Alhamisi usiku, tukila, alimwambia Mama maneno ambayo kwa mtu mzima hayakuwa na kitu ndani yake:

"Hii taa ya pili nitapeleka Koboko."

Nilimeza tonge bila kulitafuna.

Sasa lazima mumjue Rehema. Nyumba yao ilikuwa mkabala na yetu, ukuta wao ukiangalia lango letu, na baba yake alikuwa na wake wawili: mama yake Rehema hapa mjini, na mwingine kijijini Adumi. Yule mzee alikuwa mwadilifu kweli. Kila alichonunua alinunua pea. Birika mbili, rangi moja. Magodoro mawili, maua yale yale. Ukiona khanga mpya kwa mama yake Rehema, ujue ya pili ipo Adumi, vinginevyo pasingekalika. Rehema alikuwa na miaka kumi na alijua mambo haya vizuri kuliko imamu. Asubuhi ya Ijumaa nilimweleza kila kitu tukiwa tunachota maji. Alinisikiliza, akatua ndoo.

"Taa iko ngapi?"

"Mbili."

"Iko sawasawa?"

"Sawasawa kabisa. Na waya iko mbili. Na fyuzi."

"Ijumaa baba yako nalala wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole upande wa Koboko.

"Nyumba iko mbili," akasema Rehema, kwa huruma kabisa. "Hapana lia. Utazoea. Baba atakuwa wenu nusu."

Nusu! Nilienda nyumbani na lile neno tumboni. Nikamwangalia Baba akijipaka marashi yake, marashi ambayo hakujipaka akienda kutengeneza redio za watu. Nikaona kila kitu. Kulikuwa na mama mwingine Koboko, naye alikuwa anaingoja taa yake. Ile ya kulia ilikuwa yetu, ya kushoto yao. Akishaipeleka basi, mambo yamekwisha, wamekuwa sawa na sisi. Hasira zilinipanda kuliko hata woga. Waya ule nimeupitisha mimi, nimeungua mimi, halafu wao wawashiwe!

Baba alipokuwa akila, nilifungua sanduku la pembeni la Jamusi. Taa ilikuwa imeviringishwa kwenye shati lake kuukuu. Niliitoa, nikaweka sufuria ndogo ndani ya shati ili uzito usipungue, nikakimbia nayo stoo, nikaizamisha kwenye pipa la unga wa muhogo mpaka kwapani. Kisha nikasimama langoni na kumpungia mkono Baba vizuri, kama watoto wengine.

Jumamosi alirudi na sufuria.

Nilijificha nyuma ya mlango nikisikiliza. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alimwambia Mama huenda alichanganya vitu mwenyewe, huenda taa iliruka njiani kwenye yale mashimo, maana sanduku halifungi vizuri, na ile sufuria hakuielewa kabisa. Akavaa tena helmeti. Alisema anarudi njia yote pole pole, ataangalia kwenye majani pembeni, atauliza watu. Mbingu upande wa Koboko ilikuwa nyeusi ti, radi ikinguruma, na tukajua wote jinsi ile njia inavyokuwa mvua ikinyesha.

"Baba Amina, mvua iko nakuja. Acha taa."

"Bila hiyo taa kazi yote iko bure," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka sana.

Hapo nilishindwa. Nilikwenda stoo, nikachimba, nikatoka uani mweupe hadi mabegani, nimeikumbatia.

"Iko hapa. Hapana enda."

Baba alivua helmeti. Unga ulikuwa ukidondoka kwenye miguu yangu.

"Nani naweka kwa unga?"

"Mimi. Baba, hapana peleka kwa mama ile ingine."

"Mama gani?"

"Ile ya Koboko."

Mama aliweka chini upawa, akamgeukia mumewe taratibu sana, na naapa kwa sekunde chache Baba alionekana kama mtu aliyesimamishwa na askari bila leseni.

"Baba Amina. Mama gani iko Koboko?"

"Mimi sijui! Uliza mtoto!"

Basi nikatoa ushahidi wangu wote, nikilia. Taa mbili. Waya mbili. Fyuzi mbili. Ijumaa. Marashi. Na baba yake Rehema na birika zake. Nilipofika kwenye birika, mabega ya Mama yalianza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifunika uso kwa khanga, akawa anagonga ardhi kwa kiganja. Baba yeye hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akaichukua taa, akaipuliza unga.

"Nyumba ya pili iko," alisema. "Ijumaa nitakupeleka. Utaona na macho yako."

Mama alizidi kucheka, nami sikuelewa anachekaje na mambo yamekiriwa hadharani.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nusu yangu ilikuwa inakufa kwa hofu, na nusu nyingine, niseme ukweli, ilikuwa inaruka kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nakwenda Koboko juu ya Jamusi! Sikuwahi kwenda. Haboba ndiye aliyekuja kwetu kwa sikukuu, kwa basi. Rehema alinipa maagizo: nisile chakula cha yule mama, nisimwite mama, na nihesabu vitu.

Ijumaa hiyo Baba hakungoja swala ya mchana ya Arua. Tuliondoka asubuhi. Nilikaa mbele yake juu ya tangi, mikono kwenye usukani katikati ya mikono yake, taa ya kushoto mapajani mwangu, nimeambiwa safari hii niilinde. Upepo ulinijaa mdomoni. Watoto wa kando ya barabara walikimbia wakipiga kelele, na mimi nikapiga kelele kuwajibu, na Baba akapiga honi kwa niaba yetu sote. Mlima ukatokea, ukazama. Jamusi ilipita madimbwi ikipasua maji huku na huku. Kwa muda mrefu kabisa nilisahau kwamba nakwenda kumwona adui.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya bati, uani pamefagiwa. Aliyetoka ni Haboba, mikono imejaa ukili wa rangi, maana alikuwa akisuka vile vifuniko vya chakula vya Kinubi, vyekundu na vya kijani. Nilimbusu mkono haraka haraka, nikampita, nikaingia ndani. Nikahesabu. Kitanda kimoja. Birika moja, imeungua. Kikombe kimoja, cha pili hakina mkono. Nikafungua hata mlango wa stoo. Kisha nikaona mito miwili, nikaihesabu tena.

"Mtoto hii natafuta nini?" Haboba aliuliza mlangoni.

Baba akamweleza. Kila kitu, hadi birika za baba yake Rehema. Haboba alisikiliza bila kucheka, akajifunga khanga kiunoni vizuri, akaja akasimama mbele yangu, mfupi, meno matatu.

"Ni mimi," akasema. "Mama ile ingine ni mimi. Mimi ndiyo nakula Ijumaa ya mama yako. Huo mto iko ya baba yako, nalala hapo chini, na koroma yake iko kama tinga tinga." Kisha uso ukamlegea. "Kila Ijumaa nasema, wewe mwana yangu, mtu wa familia, rudi lala kwako. Yeye nasema, mama ya Amina nakataza nisitembee usiku na ile taa yangu ya bure. Sasa akasema atanunua taa mbili. Atakuja aniangalie, atarudi jioni. Mimi niko nangoja hiyo taa kuliko yeye."

Nilikaa kwenye kile kitanda kimoja. Taa niliyoiiba ili Baba asiondoke ndiyo iliyokuwa imrudishe. Kwa ujanja wangu nilikuwa nimemlaza Koboko Ijumaa nzima bila sababu. Nililia kwa aibu, Haboba akaniacha nilie kwanza, kisha akanipa muhogo wa moto na simsim, nikala wote, na maagizo ya Rehema nikayatupa.

Fundi wa kuchomelea alikuwa jirani yake Haboba, rafiki wa Baba tangu utoto. Alikuja na mashine yake uani, akakunja kipande cha chuma cha kitanda kibovu kufuata kile chuma kilichopinda cha Jamusi, cheche zikaruka, Haboba akiwafokea wasichome ukili wake. Baba alifunga boliti. Nikapitisha waya wa mwisho mimi, mkono hadi kwenye kiwiko. Haboba alipewa heshima ya kubonyeza. Tak! Zote mbili zikawaka, na bibi yule akapiga vigelegele hadi jirani wakadhani kuna harusi.

Tuliondoka jua likishuka. Njiani likazama, na Baba akaniambia, "Ita mkubwa." Nikabonyeza. Barabara nzima ikafunguka mbele yetu, mawe, mashimo, macho ya mbuzi, nyasi za pembeni, vyote. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Malori yaliyokuja mbele yalitumulikia kwa hasira, nami nikadhani yanatusalimia, nikayapungia mkono.

Mama alikuwa amesimama langoni. Baadaye alituambia alitujua tukiwa bado mbali, kwenye kona. Taa moja ni bodaboda yeyote, taa mbili ni gari, lakini taa tatu, moja juu na mbili chini, Arua nzima ilikuwa ni mumewe peke yake. Ila pale pale aliziba macho kwa mkono na kufoka.

"Baba Amina! Ya kushoto iko juu! Nataka kupofusha mimi? Shusha kidogo!"

Kabla hata ya kula, akachukua kaa la baridi kwenye sigiri, akavuka hadi ukuta wa kina Rehema, akachora mstari ambao mwanga usiuvuke. Baba akashika spana, Mama akaamuru. "Shusha. Bado. Shusha. Hapo!" Watoto wote wa mtaa walitoka, wakacheza na vivuli vyao ukutani, Rehema naye, na nilimwambia kwa majivuno kwamba nyumba yetu ni moja na nusu. Usiku ule mkeka wa Baba ulitandikwa Ijumaa.

Haboba ametangulia, na sasa Baba naye. Jamusi ilikaa chini ya turubai miaka miwili kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Mwezi uliopita niliifungua. Panya walikuwa wamekula waya. Nilinunua mpya, nikachomelea viungo uani, moshi ule ule, na nilipofika chini ya tangi nikagundua kwamba mkono wangu sasa haupiti. Nilihangaika na spoku saa nzima. Maghribi nikabonyeza swichi.

Tak.

Mwanga ukapiga ukuta wa mkabala, uliopakwa rangi mara nyingi tangu wakati ule. Mama alikuwa barazani akichambua mchele. Sikumwita. Niliona tu ungo ukiwekwa chini. Alishuka ngazi akishika kiuno, akapita kwenye sigiri, akavuka barabara pole pole, akasimama pale pale, mkono juu ya macho, kaa mkononi. Alizitazama zile taa muda mrefu, nami niliona machozi yake yanang'aa kwa sababu nilikuwa nimemmulikia.

"Ya kushoto iko juu," akasema. "Shusha kidogo."